Kuivunja Barza ya Kiponda

Zahor bin Khalfan hakujua kama simu inaweza kushiba. Redio alizozoea yeye hazikushiba hata siku moja. Ulimwengu mzima ulipita ndani yake tangu taarifa ya habari ya asubuhi mpaka taarabu ya usiku, na ukizizima hazibakishi hata tone. Lakini asubuhi ile, bintiye Hind alipoichukua simu yake juu ya meza ya chai, aliitazama kama mtu aliyefunua sufuria la juzi.

"Baba, simu yako imejaa. Ndiyo maana nikikutumia picha hazifunguki."

"Imejaa nini? Mimi sikutia kitu."

"Magrupu ya wasapu. Hebu tazama. 'Arusi ya Ulfat'. Baba, Ulfat keshaachwa, keshaolewa kwengine!"

"Nlitiwa tu mle. Sikujitia."

"'Kamati ya Maziko ya Marehemu Mwalim'. 'Safari ya Kiwengwa Idi Pili'. 'Wazazi wa Darasa la Pili B'. Baba, wewe mzazi wa nani darasa la pili?"

"Si yule mjukuu wangu Khawla."

"Khawla yuko chuo kikuu."

Hind akacheka peke yake, akaanza kubonyeza. Zahor alikaa na kikombe mkononi akamtazama. Arusi ile ilipikiwa mapishi ya kulisha mtaa mzima, watu waligombana kwa sare za kanga mpaka wakanuniana, na sasa imeondoka kwa kidole gumba hata chai haijapoa. Kamati ya maziko ikaondoka. Safari ya Kiwengwa ikaondoka na bahari yake. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeaga. Zahor alitaka kusema kitu, lakini ndege iliyokuwa ikishuka uwanjani ikapita juu ya paa kwa kishindo. Huko Kiembe Samaki mtu hujifunza kukatwa kauli na ndege.

"Hili ndilo lililojaza zaidi," alisema Hind kelele zilipokwisha. "'Barza ya Kiponda'. Wa mwisho kusema kitu ni Jamil, na kitu chenyewe ni waridi limeandikwa Ijumaa Karim. Mwaka juzi."

"Hilo liache."

"Mbona? Limekufa hili."

"Hilo si grupu, mwanangu. Hiyo ni barza."

Zamani jibu hilo lingetosha. Siku hizi lazima mtu aelezwe, kama anavyoelezwa mgeni aliyeshuka jana. Barza ni lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na ni wale wanaolikalia, na ni maneno yao, vyote kwa jina moja. Barza ya Kiponda ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Msabah, mtu wa asili ya Tumbatu aliyekuwa akiuza kamba na misumari. Baada ya sala ya alasiri walikusanyika hapo. Zahor alitoka kibandani kwake Mkunazini, alipokuwa akitengeneza redio, mikono inanuka risasi ya kuchomea. Jamil alitoka dukani kwake Mlandege na harufu ya majora ya vitambaa. Khalil alikuja na hoja. Wengine walikuja na kahawa au na njaa tu. Mtu akikosekana kidogo, wenzake wanakwenda mlangoni kwake kumtazama kama yu mzima. Hapakuwa na aliyemtumia mwenzake kidole gumba cha njano kisichokuwa na mkono, akadhani amemjulia hali.

Halafu mji ukaanza kumwaga watu wake. Nyumba za Kiponda zikawa na wenyewe wapya. Mmoja akahamia Muscat kwa mwanawe, mwengine Mombasa, Zahor mwenyewe akafiwa na mke na akachukuliwa na Hind huku kwenye ndege. Msabah ndiye aliyesema barza isife, akaifungua ndani ya simu, akawatia wote, na akampa Zahor funguo ya pili. Wenyewe wanaita kuwa admini. Miaka ile ya mwanzo maneno yalikuwa mengi kuliko hata barazani. Kisha Msabah akatangulia mbele ya haki. Waliokuwa hodari wakachoka, wakabaki watuma waridi, na mwisho waridi nalo likakauka. Zahor akabaki mwenye funguo peke yake.

"Njia ziko," alisema Hind, kwa sauti anayotumia ofisini kwake kwa wateja wazee. "Ya kwanza, utoke wewe. Ukitoka, simu itamchagua mtu mwengine awe admini."

"Itamchagua? Kwa kumtazamia nini? Umri? Elimu?"

"Hata. Inachagua tu."

"Inaweza kumchagua Jamil?"

"Yeyote."

"Jamil!" Zahor alisema, kama mtu aliyeambiwa kuwa mbuzi ataswalisha.

"Ya pili, uwatoe mmoja mmoja mpaka ubaki peke yako, halafu utoke na wewe, tulifute."

"Niwatoe? Khalil nimshike mkono nimwambie toka?"

"Humshiki mkono, baba, unabonyeza jina."

"Na yeye ataona?"

"Ataandikiwa kuwa Zahor amekutoa."

Zahor akakiweka kikombe chini. Katika barza ile, miaka yote, alitolewa mtu mmoja tu, naye alikuwa mwizi wa viatu vya msikitini.

"Ya tatu," alisema Hind, "tulifiche. Litakuwepo, lakini hutoliona."

"Kama maiti uvunguni."

"Basi wewe unataka vipi?"

Hapo ndipo Zahor alipokwama. Redio mbovu ukiifungua unaona penye maradhi: waya umekatika, unauunga, taa imeungua, unabadilisha. Simu ile hata parafujo hakuiona. Na namna ya kuvunja barza haikuandikwa popote, maana hakuna aliyefikiri kuwa siku moja itahitajiwa. Aliwahi kushuhudia mara moja tu, naye kijana. Nyumba moja ya Kajificheni ilikuwa inataka kuanguka, na barza yake ilibidi ivunjwe. Mkubwa wao aliwakusanya wote, ikanywewa kahawa, akamwomba radhi kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja akajibu, "Radhi." Ikasomwa Fatiha, wakainuka wote kwa pamoja asibaki mtu amekaa. Na alisikia kwa masikio yake yule mkubwa akisema: akiwepo hata mmoja wa kusema sikuradhi, tunakaa tena chini mpaka aridhike.

Alitaka hivyo. Alitaka barza ya Kiponda ife kifo cha watu, isife kama kiatu kilichosahauliwa nje. Naye hakuwa kijana. Akitangulia yeye kabla ya kuivunja, funguo itaangukia kwa yeyote simu itakayemtaka, na barza ya wazee wale itaishia kutangaza mikopo ya haraka na dawa za kuotesha nywele.

Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, miwani puani, akikataa kusaidiwa:

"Asalaam aleikum jamaa zangu wa barza. Wakati umefika wa kuagana. Naomba radhi kwa kila mmoja wenu. Niliyemkosea kwa neno au kwa kitendo anisamehe kwa ajili ya Mungu, na mimi nimekusameheni nyote. Kila mmoja anijibu. Baada ya hapo tusome Fatiha. Ndugu yenu, Zahor."

Akatuma, akaenda kuchukua udhu wa adhuhuri.

Kosa lake alilifahamu alipotoka msikitini. Kwa watu wa kwao, maneno yale husemwa kwa sababu mbili: mtu anakwenda Hija, au anakwenda kaburini. Grupu lililokuwa kimya tangu mwaka juzi lilikuwa linachemka kama maji ya muhogo.

"Mashallah Zahor, Mungu akutakabalie," aliandika Khatib wa Mombasa. "Ukifika Arafa nitaje kwa jina, mguu wangu wa kushoto."

"Maradhi gani yakhe?" aliandika Khalil kutoka Muscat. "Mbona hukunambia? Mungu akupe shifaa. Radhi, radhi, radhi."

"Anaumwa au anakwenda Makka?" aliuliza mmoja.

"Anaumwa na anakwenda Makka," akajibu mwengine.

"Basi asiende, safari ngumu kwa mgonjwa."

Zahor aliandika kuwa yeye mzima na haendi popote. Wakadhani anawaficha. Khalil akatuma sauti, akakohoa kwanza, akasoma dua ndefu ya mwenye kukata roho. Na kabla dua haijamalizika, Jamil akapiga hodi Kiembe Samaki na mfuko wa machungwa, duka ameliacha wazi, jasho linamtoka. Alimkuta mgonjwa mahututi anakula muhogo kwa dagaa.

"Unakula?" Jamil alisema, kama aliyetukanwa.

"Karibu."

"Unakula muhogo! Mimi nimemwacha mteja na jora limekunjuliwa, nimekuja kukushika mkono, nawe unakula muhogo!"

"Nani alikwambia mimi naumwa?"

"Wewe! Umeniomba radhi. Tangu nikujue, kofia yangu umeikalia, jina langu umelichezea, hukuniomba radhi. Leo unaniomba, nisidhani unakufa?"

Zahor akamweleza. Jamil alisikiliza akimenya machungwa aliyoleta mwenyewe. Hakuelewa. Kama unataka kulifunga, lifunge. Yeye ameshatolewa kwenye magrupu mengi wala haumwi popote. Lakini mwisho alikubali kuwaandikia wenzao kwa niaba ya mgonjwa, kuwa Zahor hafi wala hahiji, anavunja barza, naye anataka ivunjwe kama barza. Watu wakacheka, wengine wakanuna kwa kuwa dua zao zimepotea bure. Hata hivyo, mmoja baada ya mwengine, wakajibu: Radhi. Radhi. Nimeradhi bwana, tupumzishe. Zahor alihakikisha kila jina. Yalipotimia majina ya walio hai, lilibaki moja, la Msabah.

"Marehemu humwombi radhi humu," alisema Hind jioni. "Unamwombea dua tu, basi. Tufunge?"

"Tufunge," alisema Zahor, kisha akasita. "Ngoja. Wote wameusoma ujumbe wangu? Asije mtu akasema hakupata."

Hind akaugandamiza ujumbe kwa kidole, likatokea pazia la majina ya waliousoma. Akateremka nalo. Akasimama.

"Baba," alisema. "Msabah ameusoma."

"Msabah yupi?"

"Msabah wako."

Zahor alisema audhubillahi kabla hajajua amesema. Maiti ya Msabah aliiosha yeye mwenyewe kwa mikono yake, akaitia pamba. Akaitazama simu, akaitazama sura ya bintiye, kama atacheka. Hind hakucheka. Alisema labda laini imeuzwa kwa mtu mwengine. Kisha akasema hapana, mtu mwengine angekuja na jina lake na picha yake, na angetoka mwenyewe kwenye grupu. Huyu ni Msabah yule yule, na picha yake ile ile ya kofia ya bulibuli. Basi ni nini? Zahor alipanda kitandani na swali hilo na akaamka nalo, na hata wakati wa kuswali alijikuta anauliza badala ya kusoma.

Asubuhi akaenda Kiponda kwa miguu kutoka Darajani. Njia aliyokuwa akiipita kwa salamu kila mlango, aliipita kimya; milango ilikuwa na vibao vya lugha za watu wengine. Alipofika penye nyumba ya Msabah, barza hakuiona. Ilikuwepo, lakini imefunikwa kwa picha za rangi tangu mwanzo hadi mwisho: simba, Wamasai warefu kama nguzo, na milango ya kuchonga iliyochorwa na mtu ambaye mlango hajautazama. Mpangaji wa chini alikuwa amekaa kizingitini, mtu mzima mwenye ndevu, jina lake Simai.

"Mzee karibu, hapo pana picha."

"Hapo nlikuwa nikikaa mimi."

"Leo amekaa simba," alisema Simai kwa upole, akamsogeza simba.

Zahor akakaa kwenye upenyo ule, Mmasai huku na Mmasai kule, akainua uso kwenye dirisha la juu, kwa mjane wa Msabah. Mwanamume hapandi kwa mjane ambaye hana mtu ndani, na Zahor hakuona sababu ya kuanza leo.

"Hodi kwa Bi Radhiya!"

"Naam! Nani?"

"Mimi Zahor."

Ubao wa dirisha ukafunguka kidogo. "Zahor! Hujafa?"

"Sijafa. Wala siendi Hija."

"Basi ulikuwa ukiagia nini?"

Zahor alifungua mdomo kumjibu, ukabaki wazi. "Bi Radhiya," alisema taratibu, "umeuona wapi ujumbe wangu?"

Kikapu kikaanza kuteremka kwa kamba, kile kile cha kununulia mkate na samaki bila ya kushuka ngazi, kikaja kikining'inia mpaka mbele ya pua yake. Ndani yake, juu ya kitambaa, palikuwa na simu ya Msabah, kioo kimepasuka pembeni. Ilikuwa imefunguliwa penye Barza ya Kiponda, na maneno ya Zahor yalikuwa yanamtazama.

"Wewe ndiye unayesoma?"

"Nnasoma. Na sauti nnasikiliza. Khalil hawezi kusema mpaka akohoe kama yuko juu ya mimbari."

"Tangu lini?"

"Tangu siku mlipoanza. Marehemu mlimjua alikuwa haoni karibu. Nani mlidhani akimsomea? Akinambia andika hivi, naandika. Siku nyengine hakunambia."

Watalii wawili walikuwa wamesimama. Mmoja akampiga picha Zahor na kikapu chake, akidhani naye ni sehemu ya duka. Zahor hakuwaona. Alikuwa anajaribu kukumbuka maneno yote ya Msabah ya miaka ile, apate kuyachambua haya ya mume na haya ya mke, na kila alipolishika moja likamponyoka.

"Na kabla ya simu?" aliuliza.

"Kabla ya simu nlikuwa na dirisha. Shemegi, nyinyi mmekaa chini ya dirisha langu tangu niletwe arusi nyumba hii. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mwenye dirisha anataka kusikia. Mkicheka, na mimi huku nnakunja nguo nnacheka. Mkigombana, wali wangu unaungua. Sasa nshazoea, ndiyo unakuja kunambia unafunga?"

"Lakini pamekufa mle, Bi Radhiya. Hakuna anayesema kitu."

"Nnajua. Hata hapo chini siku nyengine mlikuwa hamji. Mvua ikinyesha hamji. Dirisha sikulifunga."

Zahor akatazama chini. "Basi nipe radhi yako, nimalize."

"Sikuradhi."

"Bi Radhiya."

"Sikuradhi, Zahor. Wao wote umewaomba, wakajibu. Mimi umeniomba, nnajibu."

"Na mimi wenzangu niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Nirejeshee simu yangu, ntawaambia mwenyewe."

Kikapu kikapanda. Zahor akainuka, akamshukuru Simai kwa nafasi, akaondoka bila kujua anakwenda wapi. Mwanamke haingii katika barza ya wanaume, hilo alilijua. Kama hakuwemo, kauli yake haihesabiwi, na barza inafungwa. Lakini kama hakuwemo, yule waliyekuwa wakimjibu alikuwa nani? Miguu ikampeleka Mlandege, dukani kwa Jamil, akakaa kwenye kigoda baina ya majora, na kabla hajasema neno simu zao mbili zikalia kwa pamoja.

Palikuwa na jina la Msabah, na chini yake: "Asalaam aleikum. Mimi Radhiya mke wa marehemu. Simu hii nnayo mimi, na tangu zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiisoma. Nyote nnakusikieni. Zahor ameomba radhi ya kuvunja barza. Mimi sikuradhi."

Jamil alisoma, akasoma tena. Rangi ikamtoka.

"Amesoma yote?"

"Yote."

"Na sauti?"

"Na sauti. Na kabla ya hapo alikuwa dirishani."

"Lahaula! Mimi nlisema nini mle?" Akaanza kuipandisha simu kwa kidole, haraka haraka, kama anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni. "Nlisema pilau la Shariffa paka akilinusa anahama mtaa. Zahor! Mke wangu na Radhiya wanakwenda darsa pamoja kila wiki!"

"Ingekuwa amesema, ungeshajua."

"Na yale ya mama mkwe?"

"Na yale."

Jamil akabonyeza, na kwenye simu ya Zahor pakaandikwa: Jamil ametoka. Hakuwa wa mwanzo. Khatib alikuwa ameshatoka, na mguu wake. Khalil, aliyekuwa na dua ya kila jambo, akatoka bila ya kukohoa. Majina yakawa yanaanguka moja baada ya jengine mbele ya macho ya Zahor: ametoka, ametoka, ametoka. Wazee watu wazima, waliokuwa hawavuki kizingiti cha mtu bila ya kusema kwaherini, walikimbia kama watoto waliovunja kioo. Yeye aliyekuwa ametaka wainuke wote kwa pamoja asibaki mtu amekaa, aliwaona wameinuka wote. Ila sivyo alivyoona Kajificheni.

"Kwisha," alisema Jamil, anajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Si ulitaka ivunjike? Imevunjika."

"Tumebaki wawili."

"Nani?"

"Mimi na Radhiya."

"Basi toka na wewe."

"Nitoke bila ya radhi yake? Amesema hakuridhika."

"Basi kaa."

"Nikae vipi?" Zahor akainua sauti, na mteja aliyekuwa akipima kanga akageuka. "Nikae na mwanamke ambaye si dada yangu wala si mke wangu, pahala pasipo mtu mwengine, mlango umefungwa, na funguo ninayo mimi? Hiyo si khalwa?"

"Ni simu, Zahor!"

"Simu. Na wewe ulipokimbia sasa hivi, ulikuwa unakimbia nini?"

Jamil akalikunja jora lililokuwa limekwisha kunjwa. Akamhudumia mteja wa kanga, akamtafutia rangi ambayo hakuiomba. Zahor alibaki kwenye kigoda, simu kifuani, haiweki chini wala haifungui. Hakujua akae au atoke. Kila upande aliougeukia ulikuwa na dhambi yake. Angetamani kumuuliza mtu, na mtu ambaye angemuuliza mambo kama haya alikuwa Msabah. Na hata hilo sasa lilimtatiza, maana hakuwa na hakika tena nani alikuwa akimjibu.

Mteja alipoondoka, Jamil akaja akasimama mbele yake.

"Nirudishe," alisema.

"Wapi?"

"Mle. Tuwe watatu, uache kunitazama hivyo. Lakini sisemi neno. Mimi wa kukaa tu."

Zahor hakujua mtu hurudishwa vipi. Jamil akamwelekeza, bonyeza hapa, hapana, hapo, sasa andika jina, wakakosea, mara wakampigia simu mtu wa Mombasa bila ya kukusudia na wakakata kwa haraka. Mwisho pakaandikwa kuwa Zahor amemwongeza Jamil. Wakakaa pamoja, mmoja kwenye kigoda na mmoja juu ya ngazi ya kushushia majora, kila mtu na simu yake.

Simu zikalia. "Karibu Jamil," aliandika Radhiya. "Shariffa hajambo? Na paka?"

Jamil akaufunika uso kwa kiganja. Zahor alicheka mpaka miwani ikashuka, kisha akaacha ghafla, maana maneno mengine hayakuja. Mwanamke yule alikuwa anangoja. Dirisha liko wazi na chini watu wamekaa kimya.

"Jamil. Tulikuwa tukianzaje?"

"Kuanza nini?"

"Kuzungumza."

Jamil alifikiri. "Sikumbuki. Mtu alikuwa akifika tu, analalamika."

Zahor akaivaa miwani vizuri. Akaandika kuwa njia ya Kiembe Samaki wameichimba tena, na yeye leo amekuja mjini na mavumbi mpaka ndani ya masikio. Akatuma. Simu ya Jamil ikalia pale pale, pua kwa pua na yake. Jamil akausoma ujumbe, akamkodolea macho mwenzake, akasahau ahadi yake, akaandika kwa vidole vyote viwili:

"Uongo. Wameshaifukia tangu juzi."

"Mimi nnaishi huko au wewe?" alisema Zahor kwa mdomo.

"Andika," alisema Jamil. "Mwenyewe hakusikii huko juu."

Zahor akainama kuandika. Alikuwa hajui bado atamwambia nini Hind jioni, kama barza imevunjwa au imefunguliwa, na kama watu watatu hao mmoja wao ana jina la maiti wanaweza kuitwa barza mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Kabla hajamaliza neno la kwanza, juu ya kioo pakatokea maandishi madogo kuwa Msabah anaandika. Akauinua mkono kutoka kwenye simu, akangoja zamu yake.